Daraja Lililobaki Kwenye Miwani

Mdogo wangu wa tumbo moja ndiye aliyemwambia yule mama, "Vuka, daraja ni imara."

Na daraja halikuwepo...

Wadau, mkimaliza kusoma mnihukumu mtakavyo.

Mimi ni mwongoza watalii. Miaka kumi na moja nimepandisha watu kwenye maporomoko ya maji juu ya mji wetu. Mdogo wangu nilimfundisha kazi mwenyewe: wapi pa kukanyaga, wapi pa kumshika mgeni mkono, wapi pa kumtania asiangalie chini.

Mwaka jana ikaja kampuni ya safari za miwani. Unakaa sebuleni, unavaa miwani mikubwa, unaona njia, miti, maji. Ukigeuza shingo unaona nyuma yako kama uko kulekule. Walitaka mtu atembee na kamera, sauti yake iongoze. Nilijua watanichukua mimi.

Wakamchukua yeye.

Akaniuliza kama nimekasirika. Nikamwambia sina neno. Nyie mnaijua ile "sina neno" ya mtu aliyenuna.

Wageni wakapungua. Watu waliona kila kitu kwa miwani, wakaridhika. Waongozaji sita tukabaki wawili, nikawa nashinda kibandani nafumua sweta na kulifuma upya.

Kisha mvua ikapiga siku tatu mfululizo, mto ukalibeba daraja la mbao lote. Tukafunga utepe getini, basi.

Jumanne iliyopita asubuhi, nikamwona mama mmoja juu kabisa, kwenye ukungu. Hakupita getini. Alipita kijia cha nyuma, kile wanachokijua wenyeji tu... na waliovaa miwani.

Nikakimbia. Maporomoko yalikuwa yananguruma, naita sisikiki.

Nilipokaribia, akageuka. Akatoa sikioni kisikizi kimoja cha simu, akatabasamu. Baadaye nilijua ni mwalimu mstaafu, aliugua miguu miaka miwili, na hiyo safari ya miwani ndiyo ilikuwa ikimtoa kitandani. Siku hiyo alikuwa amepona, amekuja kuona kwa macho yake.

"Usijali, mwanangu," akasema. "Njia hii nimeitembea mara arobaini. Hata nikifumba macho naijua."

"Mama, simama. Daraja limeondoka."

Akatega sikio, akatikisa kichwa. Hakunisikia, maji yananguruma na kisikizi cha pili bado kiko sikioni. Akarudisha kisikizi, akafumba macho makusudi, kunionyesha... akaanza kutembea, akihesabu hatua kwa vidole.

Nilinyoosha mkono. Nilishika upepo.

Aliangukia mwamba, mita tano chini. Nilipomfikia kwa kamba alikuwa anahema kwa tabu, kisikizi kimemtoka, kiko kwenye jiwe. Nikakiokota, nikakisogeza sikioni, kinaongea. Sauti ya mdogo wangu, tamu, taratibu:

"Karibu upande wa pili. Pole kwa safari."

Jamani, hiyo sauti naisikia mpaka leo.

Mdogo wangu alisafiri kutwa nzima kutoka mji ilipo kampuni kuja hospitali. Nilimkuta kwenye korido, nikamrukia kwa maneno mbele za watu. Nikamwambia ameuza njia yetu, ameuza na uhai wa mtu.

Akanipa simu yake.

Ujumbe saba, wote kwangu, tangu ile mvua.

"Dada, nasikia mto umefurika. Daraja lipo? Kampuni inasubiri neno la mwongozaji aliyepo. Ukisema limeondoka, wanaifunga ile safari leoleo."

Hakuna hata mmoja ulionifikia. Nilikuwa nimemblock siku aliyopata kazi.

"Nikawapa ofisi namba yako," akasema polepole. "Walikupigia mara mbili, dada. Ulikata."

Nikakumbuka. Namba ngeni. Simu ilinionyesha kuwa ni ya kampuni, nikakata kwa raha zangu.

Yule mama yuko hai. Nyonga imevunjika mahali pawili, daktari anasema hatatembea tena. Jana nilikwenda kumwambia ukweli, maana alikuwa ananishukuru kwa kumwokoa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ulijua daraja halipo?"

"Nilijua, mama."

Akageuza uso ukutani. Nikakaa pale mpaka muuguzi aliponitoa.

Wenzangu, ukimnunia ndugu yako, nuna, ni haki yako. Ila usizibe masikio. Hujui ni nani yuko njiani, macho amefumba, anasubiri neno lako.