Buluu Iliyopumzishwa

Kila alipotoka shule, binti mmoja wa darasa la sita alipitia kazini kwa mama yake, katika maabara ya chuo. Mlangoni alivua viatu vyenye vumbi na kuvaa ndara safi. Za watu wazima zilimpwaya, kwa hiyo fundi wa vioo alikuwa amemtafutia zinazomtosha na kumwekea pembeni, bila kuombwa. Kisha alikaa kwenye stuli na kufanya kazi za shule hadi mama amalize.

Mama yake alikuwa mtafiti. Yeye na fundi walitengeneza fuwele ndogondogo ziitwazo perovskaiti, wakazipaka juu ya kipande cha kioo kama utando, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Umeme ukipita, utando ule ulitoa mwanga.

"Skrini ya simu au televisheni ina nukta nyingi nyekundu, za kijani na za buluu," mama alimweleza siku moja. "Ukizipata hizo tatu, umepata rangi zote."

Nyekundu walikuwa nayo, na kijani pia. Buluu ndiyo iliyowatoa jasho. Ilikuwa ikiwaka kwa muda, kisha ikigeuka polepole kuwa kijani. Walidhani unyevu wa hewa unaingia na kuuharibu utando, wakawa wanaviziba vioo vyao kila upande. Bado iligeuka.

"Mama yako anaendelea na ile taa kigeugeu?" jirani wa dawati alimtania binti shuleni. "Sisi kwetu balbu tunanunua dukani."

Darasa likacheka. Maneno yale yalimchoma binti.

Alasiri moja, mtambo wa kupima rangi ulikuwa umepelekwa kutengenezwa, na kesho yake wakuu wa chuo walikuwa waje. Wasipoona buluu inayodumu, chumba kile kingepewa watu wengine. Mama na fundi waliitwa kikaoni, nao walikuwa wamewasha kioo kipya.

"Mkaguzi," fundi akasema, maana ndivyo alivyozoea kumwita, "leo macho yako ndiyo mtambo wetu. Linganisha taa na karatasi hii ya buluu. Ikigeuka, utuambie."

"Na swichi usiiguse," mama akaongeza.

Binti aliikazia macho taa. Mwanzoni ilikuwa buluu safi. Baadaye ukijani ukaanza kuingia pembeni, halafu ukaenea. Alifumba macho na kuyafumbua, ukijani ulikuwapo. Akamfikiria mama yake, ambaye siku hizi alipasha chai ileile mara mbili kwa kusahau kuinywa. Akaizima taa ili asiione. Alipoiwasha tena baada ya kitambo, ilikuwa buluu kama karatasi.

Mlango ukafunguliwa.

"Vipi, Mkaguzi?"

"Haikugeuka, Mjomba."

Fundi aliegemea ukuta na kushusha pumzi. Mama alimkumbatia binti yake.

Jioni ile mama alipika huku akiimba. Binti aliketi mbele ya sahani yake bila kula. Alijua kwamba kesho taa ingegeuka mbele ya wakuu wote, na mama angeaibika.

"Mama, nimekudanganya," alisema hatimaye. "Taa iligeuka kijani. Nikaizima. Ilipopumzika, ikarudi buluu."

Mama aliweka kijiko chini. "Kwa nini, mwanangu?"

"Nilikuonea huruma. Umechoka."

"Huruma yako nimeiona, na nakushukuru kwa hiyo. Lakini umenitandikia mkeka juu ya shimo." Kisha mama akainua kichwa. "Hebu rudia. Ulisema ilirudi buluu?"

"Ndiyo."

"Kabisa, au ilibaki na ukijani?"

"Niliilinganisha na karatasi. Zilifanana."

Mama aliinuka na kumpigia simu fundi. "Siyo unyevu," alimwambia. "Unyevu ungeuharibu utando, na rangi isingerudi. Chembe zilizomo ndani ya fuwele zinajitenga taa ikiwaka, zikipumzika zinachanganyika tena. Tunahitaji kitu cha kuzishika pamoja."

Fundi alicheka kwa uchungu. "Kumbe tunaziba paa, na bomba linavuja ndani ya nyumba."

Kesho yake mama aliwaambia wakuu ukweli. "Buluu inayodumu hatujaipata. Lakini sasa tunajua kinachotushinda." Aliwaonyesha taa ikigeuka, kisha ikirudi. Mkuu mmoja alikunja uso, akatazama tena, akawapa muda hadi shule zifungwe.

Hapo kazi ilianza upya. Mama na fundi walijaribu kiungo hiki, wakajaribu kile, vipimo vikibadilishwa kila mara. Kila walipowasha kioo kipya, binti alikaa kwenye stuli yake na karatasi ya buluu.

"Imegeuka, Mama."

"Asante, mwanangu."

Siku nyingine tena: "Imegeuka."

"Mkaguzi huyu hahongeki hata kwa biskuti," fundi alisema, kisha akampa biskuti.

Shule zilikuwa karibu kufungwa mama na fundi waliporudi kutoka chumba cha pili na kumkuta binti ameisogelea taa, karatasi mkononi.

"Bado buluu," alisema. "Na swichi sijaigusa."

Fundi alikwenda kuuwasha mtambo, uliokuwa umekwisha rudi. Alipima, akapima tena, akatikisa kichwa huku akitabasamu. "Buluu," alisema.

"Mimi nilishaamini," mama alisema, akamvuta binti yake karibu. "Mara zote ulizoniambia imegeuka, nilitamani usiseme, nawe ulisema. Ndiyo maana leo neno lako lina uzito. Anayekupenda hakufichi ubaya, mwanangu. Anakuonyesha, kisha anabaki nawe mkautengeneza."