Uzito wa Mpandaji

"Una kilo ngapi?"

Swali hilo mwanamume mmoja aliulizwa mbele za watu, Jumamosi ya punguzo la bei, duka la baiskeli limejaa hadi mlangoni. Aliyemuuliza hata hakuinua macho. Alikuwa mwanamke aliyevaa ovaroli ya buluu, mikono ameikunja hadi viwikoni, kitambaa cha maua kichwani, alama ya grisi shavuni na pampu ndogo mkononi.

"Samahani?" mwanamume akauliza.

"Kilo, kaka. Uzito wako. Pamoja na begi na helmeti."

"Themanini."

"Kabla ya chakula au baada?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwanamume akavuta zipu ya jaketi lake la kijivu kana kwamba ingemsaidia. "Themanini na sita," akakiri.

"Hapo sawa. Ukinidanganya mimi nitakusamehe. Ukiidanganya shokapu, itakutupa korongoni."

Ndivyo Fundi na Mwandishi walivyojuana. Mwandishi aliandikia jarida la baiskeli: maduka yalimwazima baiskeli mpya, akaijaribu milimani, akaisifu au kuiponda, kisha akairudisha. Safari hii aliazimwa baiskeli ya enduro, yaani ya mbio zile za kupanda mlima kwa jasho na kushuka kama unafukuzwa. Fremu yake ilikuwa ya kaboni, kijani kibichi, na ilikuwa na shokapu mbele na nyuma. Bei yake sitaitaja, msije mkapoteza hamu ya hadithi.

Kazi ya Fundi ilikuwa hizo shokapu. Alizijaza upepo kulingana na uzito wa mpandaji, kisha akatazama kipete cha mpira kinachoonyesha zimezama kiasi gani. Baiskeli ikishapangwa hivyo inakuwa ya mtu mmoja. Akija mwingine kuibadilisha, fundi mzuri akiunganisha pampu tu anajua.

Tangu jioni ile simu zikaanza.

"Fundi, nyuma inagonga."

"Inagonga wapi?"

"Kwenye mawe."

"Kwenye mawe, mpenzi, kila kitu kinagonga."

Neno "mpenzi" lilikuwa limemponyoka Fundi, na wote wawili walilisikia.

"Basi nimepiga tu," Mwandishi akasema.

"Najua umepiga tu. Endelea."

Waliendelea. Mwanamke huyu alikuwa akiishi chumba kimoja ghorofa ya tatu, anapika kwa sufuria ndogo kuliko zote na chakula bado kinabaki. Redio aliiwasha akitoka asubuhi, ili jioni akifungua mlango akute sauti ya mtu. Naye Mwandishi, ukifungua simu yake ungekuta mamia ya picha: baiskeli imeegemea mti, baiskeli imeegemea jiwe, baiskeli na ukungu. Hakuna hata moja yenye mtu juu yake. Hakuwa na wa kumpiga picha.

"Wewe unapanda ya aina gani?" alimuuliza siku moja karakanani.

"Hizi? Sijawahi. Nazitengeneza, zinaondoka na wenyewe." Akanyoosha mkono wa kushoto. Kidole cha shahada kilikuwa kimenyooka, hakikunjiki. "Mnyororo ulikila zamani. Breki ya kushoto siifikii vizuri. Nashuka vipi mlima na breki moja?"

Mwandishi hakumpa pole. Alikitazama kile kidole, akatazama na cha kati kilicho jirani yake, muda mrefu kiasi cha Fundi kuona haya na kuuficha mkono mfukoni.

Ijumaa baiskeli ilitakiwa kurudi, na ikisharudi, mwanamume huyu hatakuwa tena na sababu ya kuja dukani. Fundi alilifikiria jambo hilo akipiga mswaki, akapanda nalo kitandani. Alimtaka aseme kitu kabla ya hapo, chochote. Dada yake mkubwa alipompigia, alimwambia tu kwamba kazini kuna baiskeli nzuri.

"Baiskeli ndiyo inakufanya ucheke hivyo peke yako?" dada mtu akauliza.

Ijumaa akavaa gauni la manjano chini ya ovaroli. Lilimkaba kwapani na kumtoa jasho, lakini alilivumilia.

Mwandishi alifika mchana, akamwachia mwenye duka baiskeli. "Mwambie Fundi asiiguse kwanza, nakuja. Natafuta pa kuegesha gari."

Mwenye duka akaisukuma karakanani, ujumbe akausahau njiani. Fundi, kwa mazoea, akaunganisha pampu. Akasoma. Akasoma tena. Upepo ulikuwa mdogo mno. Huu haukuwa upepo wa mtu wa kilo themanini na sita. Ulikuwa wa mtu mwepesi, wa kilo hamsini na nne hivi. Kiti nacho kilikuwa kimeshushwa.

Mwanamke, basi. Mwembamba. Amepandishwa baiskeli ile ile ambayo yeye aliipanga kwa mikono yake, na pengine ameshikwa kiuno asianguke.

"Mwambie naumwa," Fundi akamwambia mwenye duka, akatoka kwa mlango wa nyuma, gauni lake la manjano halijaonwa na mtu.

Mwandishi aliambiwa kwamba Fundi ameiangalia baiskeli, akasema anaumwa, kisha akaondoka. Alikaa kwenye benchi hadi duka likafungwa. Alipiga simu, haikupokelewa. Naye akajijibu mwenyewe, kama wafanyavyo watu waliozoea upweke: ameona nilichofanya, amenielewa, na hilo ndilo jibu lake. Hakupiga tena.

Kule kutopigiwa tena kukawa ushahidi kwa Fundi. Sasa yuko na yule mwembamba, akawaza. Alizima redio kwa sababu ilikuwa ikicheza nyimbo za mapenzi, kisha akaiwasha tena kwa sababu ukimya ulikuwa mbaya zaidi. Alipika, akala nusu, akaosha sahani moja na kijiko kimoja. Dada yake alimuuliza habari za ile baiskeli nzuri. "Imerudi," alijibu, akasingizia mafua.

Baiskeli ikapata mnunuzi. "Iandae, kesho anaichukua," mwenye duka akasema. Fundi alikuwa ameikwepa tangu siku ile, imefunikwa turubai pembeni. Akaifunua, akashika usukani aikague breki.

Kidole chake cha kati kikatua juu ya breki ya kushoto kama kilichopimiwa.

Akatazama kulia. Breki ya kulia ilikuwa mahali pake pa kawaida, pa kidole cha shahada. Ya kushoto ilikuwa imesogezwa na kuvutwa karibu, kwa mtu ambaye kidole hicho hakikunjiki. Akakaa chini sakafuni, kati ya mapipa ya mafuta, akalia kidogo na kucheka kidogo. Kisha akapiga simu.

"Hamsini na nne?" alisema ilipopokelewa tu. "Mimi? Hamsini na nne?"

Sauti ya Mwandishi ikasema polepole, "Nilikisia."

"Si ungeuliza!"

"Niliona haya. Mwanamke haulizwi."

"Mimi nilikuuliza mbele ya foleni!"

"Wewe ni wewe." Akavuta pumzi. "Nilitaka uishuke hata mara moja kabla haijaondoka. Ulipokimbia nikajua hunitaki."

"Nilidhani una mtu. Mtu mwembamba."

"Sina mtu. Mwembamba wala mnene."

"Njoo," akasema Fundi. "Njoo sasa hivi, inaondoka kesho."

Alipofika, alimkuta Fundi amesimama nje ya duka na gauni la manjano alilolifuata nyumbani, safari hii bila ovaroli, suruali ya kazi chini yake. Mwandishi akachukua pampu, akapiga goti.

"Una kilo ngapi?"

Wateja wawili wakageuka. Fundi akainua kidevu. "Sitini na tisa. Kabla ya chakula. Cheka uone."

Hakucheka. Alijaza upepo, akatazama kipete, akaongeza kidogo. Nyuma ya duka kulikuwa na kilima cha kifusi cha jengo lililobomolewa. Fundi akaisukuma hadi juu, akashuka akipiga yowe, gauni limejaa upepo, kidole cha kati kwenye breki, mawe yakigonga chini yake na yeye hatikisiki. Alisimama mbele ya Mwandishi, anahema.

"Umenipiga picha?"

Mwandishi akatazama simu mkononi mwake. "Nimesahau."

"Na baiskeli inaondoka kesho," Fundi akasema. Kicheko kilikuwa kimemwisha usoni. "Utakuja tena hapa kwa sababu gani?"

"Nitakuja bila sababu."

Fundi akamtazama, kisha akageuza baiskeli, akapanda tena kilimani ili apigwe picha.