Foni ya Jumamosi

Siku meli ilipoingia kutoka Kigoma, bandari ya Kalemie ilijaa watu mpaka pa kukanyaga hapana. Séraphine, katika kitenge cha manjano kilichombana vizuri kiunoni, akakanyagwa kidole na mlinzi wa mbuga ya ziwa.

"Pole, mama. Miye Isidore. Kikivimba, nitakubeba."

"Utaweza? Weye mwembamba hivi."

Alicheka, lakini sura hiyo aliijua. Mwaka jana, kule Mpala, mwanamume huyu aliumwagia petroli wavu wa mama yake Séraphine na kuuchoma kwa sababu ya matundu madogo, ati samaki wazaliane, fisi maji warudi. Tangu hapo Mama Victorine anafua nguo za watu huku Kalemie. Isidore hakumkumbuka binti aliyekuwa akilia ufukweni. Vizuri, Séraphine alijiambia. Utanipenda, halafu utakiona.

Akapendwa, miezi sita, kwa foni, ile redio iliyounganisha vituo vya mbuga. Kila Jumamosi mchana wake za walinzi, na Séraphine pamoja nao, walikuja kwenye biro ya Kalemie, ofisi ya Shefu Banza, mkubwa wa walinzi, kusema na wanaume wao, na vituo vyote vilisikiliza. Ubaya ni kwamba naye alianza kuingoja Jumamosi. Alijichukia kwa hilo.

"Mupenzi," sauti ya Isidore ilikwaruza kutoka Mpala, "watu wote ni mashahidi. Utakubali nikuoe?"

"Hapana. Ule wavu ulichoma Mpala ulikuwa wa mama yangu. Sasa mikono yake imechubuka na sabuni. Vituo vyote visikie."

Isidore aliuliza haraka:

"Na ule mupya? Hakuupata?"

"Mupya gani?"

"Kila wavu tulichoma, mbuga ilileta mwingine wa matundu makubwa. Jina la mama yako niliandika miye mwenyewe. Nyavu zote tulimwachia Shefu Banza azigawe. Shefu, uko hapo? Uliziweka wapi?"

Banza alikuwa pale pale bironi, akifunga vifungo vya abakosti, koti lake la kikubwa. Wake za walinzi walimgeukia. Wakamsindikiza mpaka kwake, Séraphine mbele, wakazitoa nyavu kumi na moja huku majirani wakitazama. Séraphine hakuwahi kuonja utamu kama huo.

Isidore alifukuzwa kazi kwa kumwaibisha mkubwa wake. Alishuka Kalemie bila bereti, akaenda moja kwa moja kwa Mama Victorine.

"Mama, nimekuja kuomba binti."

"Nilifua nguo mwaka muzima. Weye utavuta wavu wangu mwaka muzima. Ukiisha, nakisha njo tutaongea."

Isidore alimtazama Séraphine.

"Usiniangalie. Ingekuwa miye, ningekupa miwili."

Lakini kesho yake Séraphine alikuwa naye ufukweni, ameshika kamba ya upande wa pili.