Jina Lililobaki Kwenye Jedwali

"Usiliandike jina hilo, Noela! Toa mkono hapo!"

"Nikiandika langu linakataa, Baba Kudra! Umeona mwenyewe, mara tatu!"

"Basi tusubiri bosi apokee simu."

"Na Cornel asubiri kwa hewa ya nani?"

Mzee Gregory, huyo Baba Kudra, msimamizi wa zamu, alibonyeza tena namba ya bosi. Shimo lilikuwa limeporomoka saa nne asubuhi. Watu saba walikuwa chini, na mmoja wao alikuwa Cornel, mdogo wake Noela wa tumbo moja. Shimo lilikuwa na njia mbili, ya mashariki na ya magharibi, na waokoaji wangeweza kuchimba moja tu kabla hewa haijaisha. Kadi ya kila mchimbaji ilisomwa kwenye geti la njia aliyoshukia, taarifa zikaenda mtandaoni, na jedwali la Eksel la ofisini ndilo lililozivuta kutoka huko.

Tangu mwanzo jedwali hilo lilikuwa likiingia mtandaoni kwa jina na nywila ya Deusdedit, karani aliyefia shimo hilohilo miezi mitatu iliyopita. Kompyuta ilikuwa imevihifadhi, na hakuna aliyethubutu kuvibadilisha. Pale machimboni, jina la mtu aliyefia chini halitajwi wala kuandikwa mpaka ndugu zake waje kumwita mdomoni mwa shimo, wampeleke nyumbani. Ndugu wa Deusdedit walichukua maiti, wakarudi kwao Ushetu bila kumwita.

Leo mtandao uliposita, Noela, karani mpya, alidhani kosa ni nywila ile kuukuu. Akaifuta pamoja na jina, akaweka vyake. Mtandao ulirudi, lakini jedwali likamjibu kwamba hana ruhusa. Akazima kompyuta, akawasha. Hana ruhusa. Aliyekuwa na ruhusa ni marehemu peke yake.

"Ng'wanawane," Gregory alisema, sasa kwa kunong'ona kama baba kwa mtoto wake, "jini la shimo lina njaa ya jina. Ukimwita mtu ambaye ndugu zake hawajamwita, anayeitika siye yeye."

"Na nisipomwita, mama nitamwambia nini?"

Gregory akauondoa taratibu mkono wake aliokuwa amezuia nao kibodi.

Noela alibandua kikaratasi chini ya droo, chenye nywila kwa mwandiko wa Deusdedit. Akabonyeza herufi ya kwanza ya jina. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani, ingawa nje jua la saa saba lilikuwa likichoma mabati. Akabonyeza ya pili. Chini ya sakafu kitu kikagonga, taratibu, kama sururu inayopima mwamba, na kila herufi aliyoongeza ilijibiwa na mlio mwingine, karibu zaidi, mpaka ukawa chini ya kiti chake, chini ya nyayo zake, naye akakosea na kufuta na kuandika tena huku akilia na kusema, "Deusdedit, nionyeshe mdogo wangu, nionyeshe tu, nakuomba."

Kugonga kukakoma.

Jedwali likafunguka. Majina saba, yote mashariki.

"Mashariki! Chimbeni mashariki!" Gregory alikimbia nje akipiga kelele.

Noela alibaki akitazama mstari wa nane. Deusdedit. Safu ya muda wa kutoka, iliyokuwa tupu kwa miezi mitatu, sasa ilikuwa na saa ndani yake: saa saba na dakika kumi na mbili. Leo.

Saa kumi vigelegele vililipuka shimoni. "Wote saba! Wazima!" Noela alifuta machozi kwa kiganja. Akaangalia jedwali. Watu sita walikuwa wametoka. Mbele ya jina la Cornel palikuwa patupu. Atakuwa ameangusha kadi, alijiambia. Ameangusha kadi tu.

Nyayo zenye maji zilikuja barazani, zikasimama. Alikuwa yeye, mwekundu kwa tope, na jua lilimpiga usoni bila yeye kupepesa macho.

"Cornel! Ingia mdogo wangu, ingia ukae!"

Hakuvuka kizingiti. Alimtazama dada yake muda mrefu, kama mtu anayejifunza sura, kisha akasema pale mlangoni:

"Cornel bado yuko chini, Noela. Wewe uliniita mimi."