Simfahamu, Ni Kibarua Tu

"Huyo msikilizaji wa pili ana uhusiano wowote na wewe?"

Swali lilitoka kwa profesa wa safu ya mbele. Msomi, kama walivyomwita kwao, akasogelea kipaza sauti. Ndiyo kwanza apande jukwaa la ughaibuni kueleza utafiti wake wa uzamivu kuhusu vilio vya watoto wachanga: kipi cha njaa, kipi cha maumivu. Kila kilio kilisikilizwa na watu wawili, kila mmoja kivyake, ili majibu yasipikwe. Wa kwanza ni yeye. Wa pili ni mwalimu wa muziki, mchumba wake wa kufa na kuzikana.

Nikisema ni mchumba, si watasema tumepanga majibu?

"Hapana," akajibu. "Simfahamu. Ni kibarua tu, tulimlipa."

Makofi yakapigwa. Msomi akashuka anachekelea, kichwa kimemvimba. Simu ikatetema.

"Kibarua anakupongeza."

Mungu wangu! Mkutano ulirushwa mtandaoni, na aliyemtumia mchumba kiungo, kwa mbwembwe zote, ni yeye mwenyewe. Akakimbilia nje ya ukumbi, akapiga.

"Mpenzi, nisikilize..."

"Nimekusikiliza. Mimi kazi yangu si kusikiliza?"

"Niliogopa! Wangesema umenipendelea."

"Nikupendelee vipi? Nilisikiliza chumbani, wewe sebuleni, hata jibu moja hatukuambiana. Ungewaeleza hivyo, nani angekukatalia?"

Kweli tupu. Wala hakuhitaji kudanganya.

"Narudi ndani sasa hivi, nawaambia ukweli. Wakifuta utafiti, waufute."

"Waambie, ni vizuri. Ila mambo ya ndoa tuyaache kwanza."

"Usiseme hivyo, nakuomba!"

"Ulikana kunijua, na wala hukusita. Hilo ndilo linaloniuma."

Kabla hajajibu, sauti nyingine ikadakia, ya mama mzazi wa mchumba.

"Hebu nipe hiyo simu! Mkwe wangu! Hongera, mwanangu!"

"Mama... shikamoo."

"Marahaba! Lugha yenu siijui, lakini mwenzio alikuwa ananitafsiria kila neno. Eti umesimama mbele ya maprofesa wote ukasema bila mchumba wako usingefika hapo! Nimepiga vigelegele mpaka majirani wamekuja. Ahsante kwa kumheshimu mwanangu."

Msomi akaegemea ukuta, akalia kwa sauti, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kitambulisho cha mkutano kilichoning'inia shingoni.

"Sasa unalia nini?"

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini tena? Haya, mume wako huyu hapa."

Mlango ukasikika ukifungwa upande wa pili.

"Kwa nini umemdanganya?" Msomi akauliza kwa kwikwi.

"Alikuwa amekaa hapa na gauni lake la sherehe, ananiuliza umesema nini. Ulitaka nimwambieje?"

Simu ikakatwa. Akapiga tena, na tena. Haikupokelewa.