Doa Lisilotoka Kisiginoni

Kila Jumamosi alasiri, Kathini alitoa karai nje, akalitia maji ya uvuguvugu, akaketi kwenye kigoda na kumwosha mumewe miguu.

Mumewe, Mzee Kyule, alikuwa mchonga vinyago. Alifanyia kazi yake barazani pa nyumba yao Makadara. Alikaa chini, akaubana mti kwa nyayo zake mbili, kisha mikono ikashika kisu na patasi. Miguu yake ilikuwa mikono mingine. Kinyago kilipokamilika, alikipaka rangi nyeusi ya viatu ili king'ae. Ndiyo maana nyayo za Kyule zilikuwa nyeusi wiki nzima, na Kathini hakukubali mzee wake aingie kanisani Jumapili na miguu ya muuza makaa.

"Baba Mwelu, hili doa la kisigino halitoki," alisema Kathini huku akisugua kwa jiwe.

"Ni rangi ya viatu. Imezama."

"Mbona ya mguu wa kulia inatoka?"

"Mguu wa kushoto una ukaidi. Umemwiga mwenyewe."

Wakacheka. Kathini akajaribu sabuni ya unga. Jumamosi nyingine akajaribu mafuta ya taa. Doa lilikaa pale pale. Mwanzoni lilikuwa dogo kama punje ya choroko. Sasa lilipita kifungo cha shati. Kingo zake zilikuwa zimepindapinda. Huku lilikuwa jeusi, kule rangi ya kahawia.

Siku moja maji ya karai yaligeuka rangi. Kathini aliinua mguu, akatazama kisigino.

"Baba Mwelu! Rangi ya viatu tangu lini ikatoka damu?"

Kyule aliangalia pembeni. "Nililikwangua kidogo kwa kisu. Nilidhani ni sugu."

Wakati huo Afnan alikuwa akija na sahani ya mahamri. Afnan alikuwa binti ya jirani yao Mishi, mwenye duka la viungo. Alikuwa mtafiti. Kazi yake ilikuwa katika maabara, kuchunguza saratani za ngozi, na mwisho wa wiki alirudi kwa mama yake.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Kathini. "Njoo uone mguu huu."

Afnan aliweka sahani chini, akachuchumaa. Hakuligusa doa. Aliuliza lilianza lini, kama linakua, kama lilibadilika rangi.

"Mzee, nitakuambia kweli. Mimi si daktari, na hakuna awezaye kujua kwa macho tu. Lakini doa linalokua, lenye kingo zisizo sawa na rangi zilizochanganyika, tena linatoa damu, lazima lipimwe. Inaweza kuwa saratani ya seli zinazotia ngozi rangi. Inaitwa melanoma."

Kyule akacheka. "Saratani ya ngozi? Hiyo ni ya Wazungu na ndugu zetu wenye ualbino. Mimi na weusi huu, jua litanifanya nini?"

"Hii haihitaji jua, mzee. Kwetu sisi weusi, mara nyingi hutokea penye rangi kidogo. Chini ya mguu, kiganjani, chini ya ukucha. Watu hudhani ni alama ya kugongwa, au uchafu."

"Au rangi ya viatu," alisema Kathini polepole.

"Hospitali watafanya nini?" aliuliza Kyule.

"Watatia ganzi na kukata kipande kidogo wakipime. Ikiwa ni yenyewe, wataiondoa yote."

Kyule akauvuta mguu wake. "Hapana. Ndugu yangu Nyamai alipasuliwa, na hakumaliza mwaka. Kisu huamsha ugonjwa, ukakimbia mwili mzima. Nitakufa na kisigino changu."

Mishi, aliyekuwa amefuata sauti, alisimama mlangoni na leso yake. "Ajabu! Mzee anakula kwa kisu, na kisu chenyewe anakiogopa! Na wewe ulipojikwangua, hukuogopa kuuamsha? Mficha maradhi, kilio humuumbua."

"Mama, taratibu," alisema Afnan. "Hofu ya mzee ndiyo swali langu kazini. Ugonjwa unakimbiaje?"

Aliokota kinyago cha twiga aliyekuwa kando, mwenye sikio lililovunjika. Kyule alikuwa amejaza ufa kwa vumbi la mbao na gundi.

"Mzee, sikio hili limeshikwa na nini?"

"Vumbi na gundi. Hata mvua hailitoi."

Afnan alichota vumbi kavu, akalitupa ndani ya karai. "Mama, tafadhali mwaga."

Kathini aliyamwaga maji. Vumbi likaenda nayo mferejini, likapita mlango wa Mishi, likapotea.

"Vumbi ni lile lile," alisema Afnan. "La twiga limekaa kwa sababu lina gundi. Mwili nao umejengwa kwa seli, chembe hai ndogo mno. Juu yake kuna molekuli zinazozishikanisha. Seli nzuri ya rangi humshika jirani yake, ikatulia. Seli ya melanoma huweza kumwachia jirani na kuota mishiko mingine. Hapo huzama, huingia katika mishipa, husafirishwa, kisha hunata mahali pengine. Penye tezi za kinena, mapafuni, kwenye ini. Ndiyo mishiko ninayoichunguza."

"Basi rudisha gundi," alisema Kyule.

Afnan alitabasamu kwa huzuni. "Laiti ningeweza! Tunatafuta, hatujafika. Daktari akikata mapema, anaondoa seli kabla hazijaachia. Kisu chake hakiziamshi. Kuchelewa ndiko kunakozipa nafasi. Lakini usijikwangue tena. Ukikwangua unaacha mizizi, na unamharibia daktari alama."

Kyule alimchukua yule twiga, akamgeuza geuza mkononi.

"Wakikata kisigino, nitabanaje mti?" aliuliza hatimaye, sauti ikiwa ndogo. "Na nisipochonga, mimi ni nani?"

Kathini aliinua ule mguu wa kushoto, akauweka mapajani, akaufuta kwa kanga yake.

"Ni Baba Mwelu," alisema. "Miguu hii nimeiosha tangu ulipokuwa na nywele. Sitaki siku moja niioshe ukiwa huisikii mikono yangu."

Kyule aliyafumba macho. Alipoyafumbua, alisema, "Jumatatu, basi. Lakini utakuja nami."

Walikwenda. Kipande kilipimwa, ikawa melanoma kweli. Siku waliyoambiwa, hakuna aliyekula. Kisha Kyule akapasuliwa. Daktari aliliondoa doa pamoja na ukingo wa nyama nzima kulizunguka, akaziba pengo kwa ngozi ya paja. Tezi za kinena nazo zilipimwa. Zilikuwa safi. Ugonjwa ulikuwa haujasafiri.

"Alijikwangua, lakini Mungu alimhurumia," alisema daktari. "Arudi kuangaliwa kila tutakapomwita, hata akijiona mzima."

Kisigino kilichukua muda kupona. Kyule alijifunza kutembea kwa fimbo aliyoichonga mwenyewe. Mti sasa aliubana kwa jiliwa, kibanio cha chuma kilichofungwa juu ya benchi. Mwanzoni alilitukana lile jiliwa. Baadaye alikiri kwamba mgongo haumuumi tena.

Jumamosi Kathini bado hutoa karai. Siku hizi huanza kwa kutazama. Hutazama nyayo zote mbili, katikati ya vidole na chini ya kucha. Kisha humpa Kyule naye amtazame yeye. Mishi pia alileta miguu yake, akidai amekuja kupiga soga tu.

Jumamosi iliyopita, Kathini aliona doa jeusi kwenye mguu wa kulia. Akaacha kuosha. Kyule aliuona uso wake, naye akainama kutazama.

Kathini alilowesha kitambaa, akafuta polepole. Akakitazama kitambaa. Kilikuwa cheusi. Akautazama mguu.

"Limetoka," alisema.

Akaendelea kuushika mguu ule kwa mikono miwili, maji yakipoa.