Kwa Nini Mwatiko Wanakufa Alfajiri?

Kila jioni Sheikha hukuna nazi mbili. Tui huingia chunguni. Machicha huingia kwenye bakuli la bluu, na bakuli hilo hungoja asubuhi, maana ni chakula cha samaki. Watoto wake husema baba yao anawapenda samaki kuliko wao, na baba hajawahi kukanusha.

Baba huyo ni Mfaume, wa Kiegeani, kisiwani Mafia. Zamani alivua kwa juya, wavu mrefu unaokokotwa chini ukazoa kila kitu, hata samaki wachanga. Watu wa Hifadhi ya Bahari walipolikataza, alibisha mwaka mzima, kisha akalisalimisha. Akachimba bwawa karibu na mikoko, akaweka mlango wa mbao wa kuingizia maji ya bahari, akatia vifaranga vya mwatiko, samaki wa pwani anayefugika. Akaapa kwamba hatakwenda tena dago, yaani kambi za uvuvi za mbali, ambako mtu hukaa miezi bila kuiona nyumba yake. Sheikha alifurahi sana, ingawa hakumwambia, asije akaringa.

Bwawa lilipofikisha miezi minne, mambo yakaharibika. Alfajiri moja Mfaume alikuta mwatiko wawili wanaelea, wamekufa. Kesho yake watano. Waliobaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi. Mfaume alijua maana yake, au alidhani anajua. Huko baharini, samaki akija juu namna ile anatafuta chakula. Basi akawamwagia machicha bakuli zima. Kesho yake wakafa tisa. Akaongeza machicha. Wakafa kumi na wanne.

Hapo kila mtu akawa na lake. Jirani mmoja alisema ni jicho la watu. Mwingine alisema kuna mtu ametia utupa, ule mmea wa sumu ya samaki. Mfaume alizunguka bwawa lote akitafuta majani ya utupa, asione hata moja. Hilo nalo lilimkasirisha, kwa sababu sasa hakuwa na wa kumlaumu.

Sheikha akasema aitwe Bibi Samaki. Ndivyo watu walivyomwita Albina, afisa uvuvi, mwanamke kijana kutoka Muleba, kando ya Ziwa Viktoria. Mfaume hakutaka. Kwake yeye afisa uvuvi ni mtu wa kukamata nyavu. Lakini samaki walikuwa wanakwisha, basi akapiga simu.

Albina alikuja na pikipiki ya ofisi saa sita mchana. Alitoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapima chumvi ya maji. Chumvi ilikuwa sawa. Maji yalikuwa ya kijani, samaki wametulia chini. Aliuliza kama mlango wa bwawa hufunguliwa, na Mfaume akajibu kwamba mlango hauna tabu. Siku ya pili yake alirudi, saa sita vilevile, akaona hali ileile. Asubuhi hiyo walikuwa wamekufa ishirini.

"Sijui, Baba Shani," alimwambia Mfaume mwishowe. "Mnachoniambia na ninachokiona havilingani."

Mfaume alicheka kwa uchungu. Serikali imesomesha mtu, imempa na pikipiki, aje kumwambia hajui.

Jioni hiyo alichukua kapu kubwa la ukili, akatia shuka, mishipi na sufuria, akaliweka mlangoni. Shaibu, mwenzake wa zamani wa juya, alikuwa anaondoka Ijumaa na mashua yake kwenda dago. Mfaume angekwenda naye. Sheikha alilipita kapu lile mara tano, na kila mara alitamani kulipiga teke.

Albina naye hakuwa na raha. Alikuwa amesoma chuo cha uvuvi, kisha akafanya kazi ziwani miaka saba, akipima samaki mialoni, wavuvi wanakowashusha, na kufundisha watu ufugaji wa sato. Alirudia maneno ya Mfaume kichwani, na neno moja likamkaa: alfajiri. Samaki hufa alfajiri. Yeye huja mchana.

Jumatano alifika Kiegeani watu wanatoka msikitini kwa sala ya alfajiri. Bwawani midomo ilikuwa imejaa juu ya maji.

"Unawaona wenyewe. Wana njaa hawa," Mfaume alisema, akainua bakuli.

"Liweke chini kwanza, baba. Tuwaulize wao."

Albina aliomba ndoo mbili. Ya kwanza aliijaza maji ya bwawa, akatia samaki mmoja na konzi ya machicha. Ya pili aliijaza maji safi ya mkondo unaopita kwenye mikoko, akatia samaki mwingine bila chakula. Wakangoja. Samaki wa ndoo ya pili alifunga mdomo, akaanza kuzunguka. Wa ndoo ya kwanza aliendelea kupanua mdomo, na machicha hakuyagusa.

"Mwenye njaa angekula," Sheikha alisema polepole.

"Hakosi chakula, mama. Anakosa pumzi. Samaki anavuta hewa iliyomo majini. Mchana, huu ukijani unapata jua, unatengeneza hewa. Ndiyo maana mimi niliona samaki wazima. Usiku hakuna jua, na ukijani wenyewe unaivuta hewa ileile. Sasa niambie, machicha yakilala jikoni yanakuwaje?"

"Yanachacha."

"Na humu yanalala chini, yanaoza. Kinachooza nacho kinakula hewa. Ikifika alfajiri imekwisha."

Sheikha alilitazama bakuli lake la bluu, akaona vibaya sana. Kumbe walikuwa wanawaua kwa kuwalisha.

Albina akauliza tena habari ya mlango. Mfaume akawaonyesha. Ulikuwa umezibwa kwa udongo. Mwezi uliopita mwatiko saba walimtoroka alipoufungua, ndipo akauziba.

"Uliponiuliza, niliona haya," alisema. "Mvuvi mzima, nikimbiwe na samaki niliowafuga mwenyewe?"

Albina hakumcheka. Alimwambia afunge wavu wa matundu madogo mlangoni, ili maji yapite na samaki wabaki. Kisha akafungua daftari. "Ziwani kwetu maji hayapwi wala hayajai. Hayo nimeyasoma tu. Nifundishe wewe, maji mapya yatafika hapa lini?"

"Sasa ni maji mafu, hayafiki. Bamvua, yale maji makubwa, linaanza Ijumaa. Saa kumi jioni maji yatakuwa hapa mlangoni."

Mfaume aligeuka akatazama baharini, na Sheikha akajua kwa nini. Mashua ya Shaibu ingeondoka kwa maji hayohayo.

Siku mbili zile hawakuwalisha samaki. Walizoa machicha yaliyooza, na kila alfajiri waliyapiga maji kwa ndoo ili yapate hewa. Alhamisi walikufa watatu.

Ijumaa jioni maji yalijaa. Shaibu aliita kutoka kwenye mashua. Mfaume alikuwa amesimama kwenye tope, maji kiunoni, ameshika wavu wa mlango. Hakuwa na hakika hata kidogo kama anafanya jambo la maana. Alimpungia Shaibu mkono, kisha akauinua ubao wa mlango.

Jumamosi alfajiri hakuona hata mdomo mmoja. Alidhani wamekufa wote wakazama. Alikaa ukingoni bila kumwita mtu, mpaka jua likachomoza, akaona migongo yao inapita chini, mingi, bila haraka.

Tangu siku hiyo hulisha konzi moja tu, jua likiwa juu, na huacha samaki wakiacha kula. Kila bamvua hubadilisha maji. Albina naye hutembelea mabwawa alfajiri, na akiona jambo geni husema hajui, kisha huuliza.

Miezi mitatu baadaye walivua. Mwatiko walikuwa wengi kuliko vyombo vya nyumbani. Sheikha aliingia ndani kutafuta cha kubebea, akaliona kapu la dago, bado lipo mlangoni, halijafunguliwa. Akalipindua. Shuka, mishipi na sufuria vikamwagika sakafuni.

"Na vitu vyangu?" Mfaume aliuliza.

"Sufuria nitaipikia," alisema Sheikha, akatoka na kapu kwenda bwawani.